Joto Linapofika Kwenye Tope la Ziwa

Ukitaja ongezeko la joto duniani pamoja na maziwa, mawazo ya wengi wetu hukimbilia maji yaliyopungua, fukwe zilizokauka na samaki waliohama. Ziwa linawekwa upande wa waathirika, na ni haki yake kuwekwa huko. Lakini kuna upande mwingine ambao nimekuwa nikiufuatilia kwa muda mrefu, na kila ninapousoma zaidi ndivyo unavyozidi kunikaa moyoni. Ziwa hulijibu joto, na jibu lake hupanda hewani likiwa gesi ya methani. Maji yakipata joto, tope la chini huzalisha gesi hiyo kwa wingi zaidi. Gesi ikifika angani huongeza joto. Na joto hilo hurudi tena majini.

Mzunguko wa namna hii unatisha, na sitaki kuupunguza makali. Ila baada ya kuusoma kwa undani nimefikia msimamo mmoja, na huo ndio ulionifanya niandike. Joto peke yake halitoshi kueleza yanayotokea. Joto huzidisha kilichopo, na kilichopo chini ya ziwa ni chakula cha vijidudu. Sehemu kubwa ya chakula hicho tumekipeleka sisi.

Tuanzie huko chini. Kila ziwa lina mvua yake ya ndani isiyokoma mchana wala usiku: mwani uliokufa, majani yaliyoletwa na mito, mizoga ya wadudu na samaki, kinyesi cha viumbe wa majini, udongo uliomomonyoka mashambani. Vyote hushuka taratibu na kutulia sakafuni, tabaka juu ya tabaka. Sehemu ya juu kabisa ya mashapo hayo hupata oksijeni kutoka kwenye maji, lakini bakteria wanaoyala mabaki huimaliza upesi mno. Katika ziwa lenye rutuba nyingi, ukishuka milimita chache tu ndani ya tope hukuti oksijeni tena.

Kuanzia hapo chakula hupita mikono mingi. Bakteria wa kwanza hutumia naitreti badala ya oksijeni, wengine hutumia madini ya chuma, wengine salfeti. Baharini salfeti ni tele, kwa hiyo wanaoitumia hula karibu kila kitu na methani haipati nafasi kubwa. Kwenye maji baridi salfeti ni haba. Mabaki hufika hadi mwisho wa foleni, na mwisho wa foleni wapo arkea, viumbe wa seli moja ambao kwa kuwatazama ungewadhania bakteria, kumbe ni ukoo wa peke yao. Oksijeni ni sumu kwao. Wanachopokea ni makombo ya makombo: asidi ya asetiki, haidrojeni, hewa ya ukaa. Wanachotoa ni methani.

Binadamu amekuwa akiijua gesi hii ya tope kwa muda mrefu. Mwaka 1776 Alessandro Volta, yule yule ambaye baadaye alitengeneza betri na jina lake likabaki kwenye kipimo cha umeme, alikwenda kwenye kingo za Ziwa Maggiore, kaskazini mwa Italia, akalikoroga tope na kukinga viputo vilivyopanda. Alipoiwasha gesi aliyoikusanya, iliwaka. Jaribio lake halihitaji maabara. Simama kwenye ukingo wa maji yaliyotuama, mahali penye tope jeusi laini, uchomeke fimbo na kuitikisa. Viputo vitafumuka, vidogo kwanza, kisha vikubwa, vikifuatana kwenye mstari mmoja hadi juu. Mara nyingi utasikia harufu ya yai viza, na wengi hudhani hiyo ndiyo methani. Harufu hiyo ni ya salfidi ya haidrojeni. Methani haina harufu wala rangi, na nadhani hilo limechangia sana kuifanya isahaulike.

Gesi ikishazalishwa ina njia kadhaa za kutoka. Ya kwanza ni kuyeyuka kwenye maji yaliyo ndani ya tope na kupenya polepole kwenda juu. Njia hii ina walinzi. Pale ambapo oksijeni na methani hukutana, iwe kwenye uso wa tope au katikati ya maji, huishi bakteria wanaoila methani na kuigeuza kuwa hewa ya ukaa. Katika maziwa mengi walinzi hawa hukamata sehemu kubwa ya gesi inayopita mbele yao, na bila wao hali ingekuwa mbaya kuliko ilivyo. Njia ya pili ni mimea inayoota majini ikiwa imesimama wima, kama matete. Ndani ya mashina yake mna mirija ya hewa, na methani hupita humo hadi nje.

Njia ya tatu ni viputo, na ndiyo inayonisumbua zaidi. Tope likizalisha gesi haraka kuliko maji yanavyoweza kuiyeyusha, gesi hujikusanya, hupasua njia yake ndani ya tope na kupaa. Kiputo ni basi lisilosimama vituoni: linapita mbele ya wale bakteria wote bila kushusha abiria. Kwenye maji ya mita mbili au tatu, kiputo hufika juu kwa sekunde chache na karibu mzigo wake wote huingia hewani. Kwenye maji yenye kina cha mita mia moja mambo hubadilika, maana kiputo kinapopanda huendelea kuyeyuka njiani, na kinaweza kufika juu kikiwa hakina methani ya kutajika. Kwa hiyo unapotaka kujua ziwa lipi linatoa methani nyingi, usitazame ukubwa wake kwenye ramani. Uliza kina chake, kisha uliza maji yake yana ukijani kiasi gani.

Sasa joto linaingia wapi? Linaingia kila mahali kwa wakati mmoja, na hapo ndipo ugumu ulipo.

Kwanza linaingia kwenye miili ya wale arkea. Mwaka 2014 Gabriel Yvon-Durocher na wenzake walichapisha kwenye jarida la Nature uchambuzi uliokusanya vipimo kutoka maabara na maeneo mbalimbali, wakitafuta uhusiano wa joto na utoaji wa methani. Uhusiano walioupata ni mkali kiasi kwamba maji yakitoka nyuzi 0 hadi nyuzi 30 za Selsiasi, utoaji wa methani huongezeka mara 57. Namba hiyo isomwe kwa uangalifu. Hakuna ziwa litakalopanda nyuzi 30 kwa sababu ya mabadiliko ya tabianchi, na sehemu kubwa ya tofauti hiyo ndiyo ile inayotokea kila mwaka kati ya majira ya baridi na kiangazi. Lakini inaonyesha mwelekeo, na mwelekeo huo unapita ule wa shughuli nyingine za uhai. Joto likipanda, usanisinuru huongezeka kidogo, upumuaji wa viumbe huongezeka zaidi, na uzalishaji wa methani huvipita vyote viwili. Maana yake ni kwamba kwa kila sehemu ya kaboni inayoingia ziwani, fungu linalotoka likiwa methani huzidi kukua.

Pili, joto hubadilisha tabia ya gesi yenyewe. Maji ya uvuguvugu hushika gesi kidogo kuliko maji ya baridi. Tope lililopata joto huzalisha methani nyingi na papo hapo hupoteza uwezo wa kuiyeyusha, kwa hiyo viputo hutokea mapema zaidi. Ralf Aben na wenzake walilipima hili na kulichapisha mwaka 2017, wakitumia matangi ya majaribio pamoja na takwimu za maziwa na mabwawa kutoka mabara tofauti. Walikadiria kwamba kila ongezeko la nyuzi 1 huongeza viputo vya mwaka mzima kwa asilimia 6 hadi 20. Katika matangi yaliyopashwa nyuzi 4 zaidi ya kawaida, viputo viliongezeka kwa asilimia 51.

Ukitaka kuona uzito wa namba hizo, ziweke karibu na nyingine. Catherine O'Reilly aliongoza kundi kubwa la watafiti waliokusanya vipimo vya joto la uso wa maji katika maziwa 235 duniani kati ya mwaka 1985 na 2009. Kwa wastani, maji ya juu wakati wa kiangazi yalikuwa yakipata joto kwa nyuzi 0.34 kila muongo. Kwa mtu anayeoga ziwani, hiyo si tofauti ya kuhisiwa. Kwa tope la ziwa lenye kina kifupi, ambalo hupata joto karibu sawa na maji ya juu, ni agizo la kuongeza kazi.

Tatu, joto hupanga maji upya. Maji ya juu yakipata joto huwa mepesi, yakaelea juu ya maji ya chini yaliyo baridi na mazito. Upepo unaweza kuvuruga tabaka la juu lakini hauna nguvu ya kulichanganya na la chini. Kadiri tofauti ya joto inavyokua, ndivyo mtengano huo unavyokuwa imara na kudumu muda mrefu zaidi kila mwaka. Iestyn Woolway na wenzake walikokotoa kwamba iwapo gesijoto zitaendelea kuzalishwa kwa wingi, mwishoni mwa karne hii maziwa ya kaskazini mwa dunia yatajitenga takriban siku 22 mapema na kuchanganyika tena takriban siku 11 baadaye kuliko ilivyozoeleka. Katika kipindi chote hicho maji ya chini hayapati oksijeni mpya, nayo iliyopo inazidi kuliwa. Utafiti ulioongozwa na Stephen Jane, uliochapishwa mwaka 2021, ulitazama maziwa 393, mengi yakiwa ya ukanda wa baridi ya wastani, na kukuta kwamba tangu mwaka 1980 oksijeni ya maji ya juu imepungua kwa asilimia 5.5 na ya maji ya kina kwa asilimia 18.6. Oksijeni ikitoweka chini, wale bakteria walinzi hupoteza kazi yao mahali pale pale wanapohitajika, na tope linalozalisha methani hupanuka.

Kwenye maziwa yanayoganda, barafu nayo ina nafasi yake. Wakati wa baridi gesi hunaswa chini ya barafu, viputo vikiwa vimegandia humo kama vilivyopangwa kwa mkono, na barafu ikiyeyuka vyote hutoka kwa mkupuo. Mtu anaweza kudhani kwamba barafu ikipungua basi kifungo kimepungua na mambo ni yale yale. Sivyo. Siku zilizopotea za barafu ni siku za ziada za maji ya uvuguvugu, siku za ziada za mwani kukua na tope kufanya kazi. Sapna Sharma na wenzake walikadiria kwamba dunia ikipata ongezeko la nyuzi 2, maziwa ambayo huwa na miaka yasiyoganda kabisa yatafika 35,300.

Huko Siberia na Alaska kuna jambo jingine ambalo kila nikilifikiria hunipa uzito. Ardhi iliyoganda kwa maelfu ya miaka inapoyeyuka, hutitia, maji hujaa kwenye shimo na ziwa huzaliwa. Maji hayo hupeleka joto chini zaidi na kuyeyusha ardhi zaidi, na mabaki ya mimea ya zama za mammothi, yaliyohifadhiwa kwenye baridi muda wote huo, hutumbukia katika tope lisilo na oksijeni. Mwaka 2006 Katey Walter, ambaye sasa huandika kama Katey Walter Anthony, alionyesha pamoja na wenzake kwamba katika maziwa ya aina hiyo kaskazini mwa Siberia viputo vilibeba karibu asilimia 95 ya methani yote iliyotoka. Kaboni ya baadhi ya viputo hivyo ilipimwa umri ikakutwa ina zaidi ya miaka 35,000, na mingine ikikaribia 43,000. Kutanuka kwa maziwa hayo kati ya mwaka 1974 na 2000 kuliongeza methani ya eneo walilolichunguza kwa asilimia 58. Kaboni hiyo ilikuwa imetoka kwenye mzunguko wa hewa kabla binadamu hajalima shamba la kwanza. Sasa inarudi.

Hapa msomaji anaweza kuniuliza kuhusu Ziwa Kivu, na ana haki, maana likitajwa neno methani na neno ziwa pamoja, Kivu ndilo linalokuja kwanza. Chini ya maji yake, kwenye kina kinachofika karibu mita 485, kumeyeyushwa takriban kilomita za ujazo 60 za methani na takriban kilomita za ujazo 300 za hewa ya ukaa. Upande wa Rwanda umejengwa mtambo wa KivuWatt, wenye uwezo wa megawati 26, unaoivuta gesi hiyo na kuzalisha umeme. Ghala hilo ni la kutisha kwa usalama wa watu wanaoishi kandokando yake endapo lingefumuka kwa ghafla. Ila kwa habari ya gesi inayotoka hewani siku hadi siku, Kivu ni mfano wa kinyume. Maji yake yametengana kwa nguvu, gesi hupanda polepole sana, na ikifika penye oksijeni bakteria huila karibu yote. Utafiti wa Alberto Borges na wenzake uliochapishwa mwaka 2011 ulikuta kwamba methani inayotoka kwenye uso wa Kivu ni ndogo mno ukilinganisha na ghala lililo chini.

Tanganyika, lenye kina cha mita 1,470, nalo lina maji yasiyo na oksijeni katika sehemu kubwa ya kina chake. Huko joto limeonyesha makali yake kwa njia nyingine: tabaka la juu limepata joto, mchanganyiko umepungua, na virutubisho vilivyoko chini haviwafikii mwani wa juu ambao ndio mwanzo wa chakula cha samaki. Tafiti mbili za mwaka 2003 zilionyesha ziwa hilo likipoteza uzalishaji wake kwa sababu hiyo. Katika maziwa makubwa yenye kina kama haya, kilio cha kwanza ni cha wavuvi. Kilio cha methani kiko kwingine.

Kiko kwenye maji madogo na mafupi. Vidimbwi, malambo, maziwa ya kina cha mtu mmoja au wawili, ghuba zenye matete, mahali mto unapoingia bwawani na kumwaga matope yake. Meredith Holgerson na Peter Raymond walikokotoa mwaka 2016 kwamba vidimbwi vidogo kabisa, visivyofikia mita za mraba elfu moja, vinachukua asilimia 8.6 tu ya eneo la maziwa na vidimbwi duniani, lakini vinatoa asilimia 40.6 ya methani inayopenya kutoka kwenye maji hayo, bila hata kuhesabu viputo. Katika Bwawa la Kariba, kwenye mto Zambezi, watafiti walikuta viputo vimekusanyika kwenye midomo ya mito midogo inayoingia bwawani, ambako mashapo mapya hutua, huku ghuba zisizopokea mto zikiwa tulivu.

Kuvipima viputo si kazi ya kukaa ofisini, na niliwahi kuandamana na watafiti kwenye mashua nikaona. Mtego wao ni faneli kubwa iliyogeuzwa, mdomo mpana ukitazama chini, na juu ya shingo yake imefungwa chupa iliyojaa maji. Kiputo kikiingia hupanda hadi kwenye chupa na kuyasukuma maji yatoke kwa chini. Unachofanya ni kusoma kimo cha gesi, kuivuta kwa bomba la sindano na kuipeleka maabara. Chupa ya kwanza tuliyoinua ilikuwa karibu yote maji. Ya pili, umbali wa kurusha jiwe tu, gesi ilikuwa imeijaza zaidi ya nusu. Ziwa moja, siku moja, tope linaloonekana kuwa la aina moja. Tulipoteremsha nanga mbali na mitego, viputo vilifumuka kuizunguka kamba kwa muda mrefu, na ndipo nilipoelewa kwa nini walikuwa wamekataa katakata kutia nanga karibu na vifaa vyao.

Viputo havitoki kwa utaratibu. Mgandamizo wa hewa ukishuka kabla ya dhoruba, hutoka kwa wingi. Kina cha maji kikishushwa kwenye bwawa la umeme, hutoka kwa wingi. Mtafiti akija mchana mmoja mtulivu na kuondoka, anaweza kukosa sehemu kubwa ya kilichotokea wiki ile. Ndiyo maana makadirio ya dunia nzima bado yanatofautiana. David Bastviken na wenzake, mwaka 2011, walikadiria kwamba maziwa, mabwawa na mito hutoa tani milioni 103 za methani kwa mwaka, na kwamba uzito wake katika kupasha dunia joto unafuta angalau robo ya kazi inayofanywa na nchi kavu ya kufyonza hewa ya ukaa. Makadirio ya baadaye yamepanda na kushuka, lakini hakuna aliyerudi kusema kwamba kiasi hicho ni kidogo.

Na methani si gesi ya kudharauliwa. Kilo moja yake, ikihesabiwa kwa miaka 20, hupasha dunia joto takriban mara 80 ya kilo moja ya hewa ya ukaa. Kwa miaka 100 ni takriban mara 27 hadi 30. Kabla ya zama za viwanda ilikuwa kiasi cha sehemu 720 katika kila sehemu bilioni za hewa. Leo imepita 1,900. Ongezeko hilo kwa sehemu kubwa limetokana na mifugo, mashamba ya mpunga, majalala na uchimbaji wa makaa, mafuta na gesi. Maziwa hayakulianzisha. Shaka iliyopo ni kwamba yanaweza kuliendeleza.

Narudi kwenye ule msimamo wangu. Huko Lemming, Denmark, kuna matangi ya majaribio yanayoigiza maziwa ya kina kifupi, na jaribio hilo limeendelea kwa miaka mingi kuliko jingine lolote la aina yake. Baadhi ya matangi yameachwa na joto la kawaida, mengine yamepashwa nyuzi 2 hadi 3 zaidi, mengine 4 hadi 5. Baadhi hupewa naitrojeni na fosforasi, mengine hayapewi. Thomas Davidson na wenzake walipima viputo humo na kuchapisha matokeo mwaka 2018. Virutubisho peke yake, bila kupasha joto, viliongeza sehemu ya methani inayotoka kwa viputo kutoka asilimia 51 hadi 75. Virutubisho na joto vilipokutana, ongezeko lilikuwa kubwa kuliko jumla ya kila kimoja kikiwa peke yake. Methani inayopenya polepole kwenye maji haikutikisika sana. Viputo ndivyo vilivyolipuka.

Ukiijua njia nzima kutoka mwani hadi kiputo, matokeo haya hayashangazi. Mbolea ikisombwa na mvua, majitaka yakimwagwa bila kusafishwa, fosforasi huingia ziwani na mwani hukua kwa fujo. Mwaka 1973, kaskazini magharibi mwa Ontario, Kanada, David Schindler na wenzake waligawanya ziwa dogo lijulikanalo kama Ziwa 226 kwa pazia. Upande mmoja walitia kaboni na naitrojeni. Upande wa pili walitia hivyo hivyo pamoja na fosforasi. Picha iliyopigwa kutoka angani inaonyesha upande wa fosforasi ukiwa kijani kizito, na wa pili ukiwa na rangi yake ya kawaida. Mwani ule hufa. Hushuka. Ni laini, ni mbichi, unaoza upesi kuliko majani makavu ya miti, na unapooza humaliza oksijeni iliyobaki. Arkea hawangeweza kuomba mlo bora zaidi. Ukiwaongezea joto, wanaumaliza kwa kasi.

Ndiyo maana Jake Beaulieu na wenzake walipokadiria mwaka 2019 athari ya maziwa na mabwawa kuendelea kurutubishwa kupita kiasi, walifikia ongezeko la methani la asilimia 30 hadi 90 katika kipindi cha karne moja. Tunapozungumzia ukijani wa maji, tumezoea kulalamikia harufu, samaki waliokufa, maji ya bomba yenye ladha mbaya, magugu yanayoziba bandari. Malalamiko hayo yote ni ya haki. Nasisitiza tu kwamba orodha ina pengo.

Naandika kwa msisitizo kwa sababu hapa pana mlango ambao hauhitaji dunia nzima ikubaliane kwanza. Joto la ziwa halitashuka kwa uamuzi wa manispaa moja. Fosforasi inaweza kushuka. Ziwa Washington, kando ya Seattle nchini Marekani, lilikuwa likipokea majitaka yaliyosafishwa nusunusu hadi maji yake yakawa mabaya. Kati ya mwaka 1963 na 1968 majitaka hayo yalielekezwa kwingine, na kufikia katikati ya miaka ya 1970 maji yalikuwa yamerudi kuwa maangavu. Hilo ni ziwa lenye kina, lililochafuliwa kwa muda usio mrefu sana. Maziwa ya kina kifupi hukawia zaidi, maana tope lao huwa limejiwekea akiba ya fosforasi ya miaka mingi na huendelea kuirudisha majini hata baada ya mabomba kufungwa. Anayeahidi matokeo ya haraka kwenye ziwa la aina hiyo anadanganya. Lakini kila mwaka wa kuchelewa huongeza akiba hiyo, na kila nyuzi ya joto hufanya akiba ile ile itoe gesi zaidi.

Mwaka 2021, kwenye mkutano wa tabianchi wa Glasgow, ilizinduliwa ahadi ya kimataifa ya kupunguza methani inayotokana na shughuli za binadamu kwa angalau asilimia 30 kutoka kiwango cha mwaka 2020 ifikapo 2030. Nchi zaidi ya 150 zimejiunga nayo. Methani ya maziwa ya asili huhesabiwa kuwa ya asili, basi inabaki nje ya ahadi hiyo, hata pale ambapo ziwa limejaa mbolea yetu na joto letu. Sikubaliani na mgawanyo huo. Kiputo kinachotoka kwenye tope lililolishwa na majitaka ya mji si cha asili kwa maana yoyote ninayoielewa.

Kwa mabwawa yaliyojengwa, mambo yamesogea. Mwongozo wa hesabu za gesijoto uliorekebishwa na IPCC, jopo la Umoja wa Mataifa la mabadiliko ya tabianchi, mwaka 2019 unazipa nchi njia ya kukokotoa methani ya maeneo yaliyofunikwa na maji ya mabwawa, na unaruhusu hesabu hiyo kurekebishwa kulingana na kiasi cha klorofili, yaani ukijani wa maji. Ningependa hesabu hiyo hiyo iingizwe kwenye andiko la kila mradi wa kusafisha majitaka unaojengwa kando ya ziwa. Leo miradi hiyo hutetewa kwa faida za afya na maji safi, na mara nyingi hukwama kwa kuonekana ghali. Methani ambayo mradi ungezuia haimo kwenye safu ya faida. Iwekwe hapo, kwa tani, ikikokotolewa kwa joto la maji linalotarajiwa miaka thelathini ijayo na si lile la miaka thelathini iliyopita.